Ndege ya Kurudi Itue Wapi

Enesi wangu,

Salamu tulishapeana asubuhi ulipopanda gari la kwenda Mbozi kumuaga bibi yako, kwa hiyo hapa nazivuka. Nakuandikia nikiwa kibandani, mchana huu, na wateja wenyewe wanakuja kwa kudonoa. Karatasi nimeiweka juu ya rundo la sweta za watoto. Mteja akitaka sweta nahamisha barua, akiondoka nairudisha. Ukikuta mwandiko umeruka, ujue hapo nilikuwa nauza.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo ukirudi jioni. Lakini wewe na mimi tunajuana. Nikianza tu kusema jambo zito utaniambia, "Mama Enesi, usinianze," nami nitacheka, utacheka, na jambo litakuwa limepita. Tumekuwa watu wa kutaniana mno. Utani ulitubeba miaka ile ya shida, siukatai. Ila kuna maneno mengine utani hauyawezi, na kesho ukishapanda basi la Lusaka nitabaki nayo mdomoni.

Sitakuandikia habari za kufunga begi, wala za kugawa hela sehemu tatu, wala kadi ya njano ya chanjo. Hayo yote umeyajaza kwenye simu yako na ukanisomea mpaka nikasinzia. Safari hii ya Bangkok, ya kufuata mzigo wa nguo, tumeipanga wote mpaka mimi nikajiona nimeshafika. Nani mwingine hapa sokoni anajua kwamba ndege za Bangkok zinashuka bei miezi ya mvua zao, watalii wanapokimbia? Nani anajua kwamba ukikubali kukaa kwenye viti pale Addis usiku kucha kusubiri ndege ya pili, tiketi inapungua kuliko ya mwenye haraka? Tumekaa kwenye mkeka tukilinganisha Dar na Lusaka kama watu wanaochagua mbuzi. Wa mikoa mingine wana uwanja mmoja wa kuukodolea macho. Sisi wa Tunduma, hapa mpakani na Zambia, tuko katikati, basi la Dar na basi la Lusaka yote yanaumiza mgongo sawasawa. Tukapima, Lusaka ikashinda.

Chumba nacho ulikipata wewe, cha vitanda vya juu na chini, wasichana sita, karibu na lile soko la nguo la Pratunam. Nikasema, "Sita! Nani atalinda begi?" Ukasema, "Mama, kuna kabati lenye kufuli." Ukanionyesha kabati kwenye picha. Ukanionyesha treni inayotoka uwanja wa ndege kuingia mjini kwa nauli ndogo, ili usikodi teksi. Kile kituo cha kushukia mimi siwezi kukitamka, na wewe unakitamka umebinua midomo. Nilikuambia ukikitamka hivyo mbele ya Wathai watakurudisha ulikotoka. Mahekalu yao mabega yafunikwe na viatu vibaki nje, nikasema kumbe ni kama kwa bibi yako tu. Boti za mtoni, wali wa barabarani, mvua inayoshuka jioni na kuisha kabla hujamaliza kuikimbia. Mji ule naujua kuliko ninavyoijua Mbeya mjini, na sijaukanyaga.

Kwa hiyo siyarudii. Moja tu nitalisema kwa ukali, halafu basi: usibebe mzigo wa mtu. Hata kifurushi cha dawa za mgonjwa. Hata akiwa mchungaji. Akilia, mwache alie.

Sasa sikiliza.

Kuna swali uliniuliza na sikulijibu. Tulikuwa kwa Ayubu, yule kijana wa tiketi mwenye ofisi juu ya duka la rangi. Ameshaandika kwenda, anataka kuandika kurudi. Akauliza, "Kurudi wapi, dada?" Wewe hukumjibu yeye, uligeuka ukanitazama mimi. Ukasema, "Mama, nikitoka kule nishukie Dar nikaanze na Zuhura, au nirudi hapa?"

Habari za Zuhura nilikuwa nazijua. Rafiki yako wa sekondari, amepata nusu ya fremu ya duka Kariakoo, anatafuta mtu wa kushika nusu nyingine. Umenisimulia fremu hiyo huku unapika, huku unafua, mpaka rangi ya mlango wake naijua. Nilijua pia kwamba ukitua Dar na mzigo wako utaingia nao kwenye fremu moja kwa moja, na hapo umeshaanza maisha. Na ukitua Lusaka utapita na mabegi hapa hapa nyumbani. Tutayafungua tuone tu, mteja mmoja atapita aulize bei ya gauni, mwingine atakuja, na mwezi utaisha umekaa kwenye hiki kigoda nilichokalia mimi sasa.

Nikasema, "Lusaka ni rahisi. Ayubu, kata Lusaka."

Ayubu akasema, "Tofauti siyo kubwa sana, mama."

Nikamtazama. Unalijua lile jicho langu. Akarudi kwenye kompyuta yake kama mtoto aliyekatazwa sukari. Wewe ukasema, "Sawa, mama," ukatazama chini kwenye mpira wa kiatu chako. Tangu siku hiyo hujalitaja tena jina la Zuhura. Umekuwa mpole. Mimi nakujua ukiwa na kelele, huo upole wako unanikosesha raha ndani ya nyumba.

Nataka nikueleze nilichofanya pale kilitoka wapi. Sitaki uondoke ukidhani ilikuwa habari ya nauli.

Nilikuzaa nina miaka kumi na saba. Unajua, na watu wote wanajua, maana hakuna mteja ambaye hajatuuliza kama sisi ni ndugu. Yule mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayenunua kwa jumla bado ananiambia, "Mwambie mdogo wako anipunguzie." Tumecheka sana. Lakini kaa uliwaze hilo. Wenzangu walikuwa watu wazima kwanza, wakapata watoto baadaye. Mimi sijawahi kuwa mtu mzima bila wewe. Sijui huyo mwanamke anafananaje. Sijui anaamkia nini asubuhi. Baba yako tulishamzungumza na leo simrudii, ila hata yeye alipokuwepo, mtu niliyekuwa naishi naye ni wewe.

Nilipotoka Mbozi nikiwa na mimba yako, bibi yako alikuwa kwenye kichanja anageuza kahawa ikauke. Nilisimama na mfuko wangu nikamwambia, "Mama, naenda." Hakugeuka. Mkono wake uliendelea kutembea juu ya kahawa, huku na huku, kama vile aliyesema ni kuku. Nikaondoka nikijua kwamba mama yangu amenitupa. Nilikula uchungu huo miaka mingi. Wewe ulikuwa darasa la nne tayari siku nilipopata ujasiri wa kumuuliza, "Mama, siku ile kwa nini hukugeuka?" Akasema, "Ningegeuka ungeniona uso, na ungeniona uso ungebaki. Na hapa baba yako angekumaliza kwa maneno kabla mtoto hajazaliwa." Akaendelea kuchambua maharage. Bibi yako ndivyo alivyo, anakupa jambo la miaka kumi halafu anauliza kama umekula.

Kwa hiyo mimi niliingia Tunduma peke yangu, nikiamini sina mtu. Ndipo nilipokosea kosa ambalo limenigharimu kuliko mimba. Mtu wa kwanza kuniita kwa jina langu nilimpa kila kitu. Alikuwa mama mmoja wa mgahawa, ameshahama siku nyingi. Alinipa godoro nyuma ya jiko, nikamuoshea vyombo mpaka ukaanza kutembea, bila mshahara, na nilikuwa namshukuru. Watu waliniambia, "We binti, unatumikishwa." Nikawachukia. Sikutaka kurudi kwenye zile jioni za kutojulikana na mtu.

Hilo nakuambia kwa sababu litakukuta. Labda siku ya pili, labda ya tatu, kule kwenye kitanda cha juu. Wale wasichana watakuwa wametoka, mvua inanyesha, na utaona kwamba katika mji mzima ule hakuna anayejua jina lako. Itakubana hapa kifuani. Usishtuke. Usimkimbilie mtu wa kwanza anayetabasamu, wala usinipigie hapo hapo ili nikuondolee. Kaa nayo kidogo. Oga, teremka, kanunue wali ule. Mimi sikujua kwamba ile hali huwa inapita yenyewe. Nilidhani nisipopata mtu nitakufa, nikapata mtu, na huyo mtu akanimalizia ujana.

Sasa Lusaka. Najua umeguna. Hadithi ya Lusaka umeisimulia wewe kwenye harusi mpaka watu wakamwaga soda. Sokoni hapa nimebaki na jina la Mama Mhuri, na nimelizoea. Lakini nisikilize, maana hujaisikia yote.

Unajua tulivyo sisi. Nakonde siyo nje ya nchi, ni ng'ambo ya barabara. Asubuhi naenda na sweta, mchana narudi na mafuta ya kupikia. Nani anagonga mhuri kwenda kununua mafuta? Basi siku ya safari yangu mimi ya Bangkok, ile iliyokwama, nami nikajitwisha begi langu kubwa tupu, pasipoti mpya kwenye mkoba, nikapita njia yetu ile ile ya chini, isiyo na dirisha la uhamiaji, nikapanda basi mpaka Lusaka, mpaka uwanja wa ndege, kifua mbele. Afisa wa uhamiaji akafungua pasipoti, akaigeuza kurasa zote, akaitikisa kama anatafuta kitu kidondoke, akaniita mama kwa Kibemba chao:

"Bamayo, Zambia uliingilia wapi?"

"Nakonde."

"Lini?"

"Kila siku."

Akaita mwenzake aje anisikie. Mwenzake akasema, "Na mhuri?" Nikamwambia nilipita njia yetu ya kila siku. Akanieleza taratibu, kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mtoto hesabu: kwa karatasi hizi, mama, wewe hujatoka Tanzania. Na kama hujatoka Tanzania hujaingia Zambia. Na kama hujaingia Zambia, mimi nakutoaje?

Hapo ndipo watu hucheka. Na wewe unaishia hapo.

Kisa chenyewe kiliendelea hivi. Waliniweka kwenye benchi kusubiri mkubwa wao. Nikasikia ndege inaunguruma, nikajua ni ile yangu, ile tiketi ya bei nafuu ambayo hairudishi hata senti. Nikangoja machozi. Enesi, hayakuja. Nilichosikia ni wepesi. Nilisikia kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Nilikumbatia lile begi tupu nikawaza: kesho kutwa nitamkuta nyumbani, atakuwa hajasuka nywele, nitamsuka.

Halafu nikakumbuka kwamba jirani yangu wa kibanda aliniambia asubuhi ile ile, tena kwa sauti, "Mama Enesi, leo usipite chini, pitia dirishani ukagongewe." Nami nikamjibu, "Ndiyo, dada." Nikapita chini. Mpaka leo sijui kama nilisahau. Miguu yangu nadhani ilikuwa inajua kitu ambacho mimi nilikuwa sijakikubali: sikutaka kuondoka. Sikutaka kulala hata siku moja kwenye nyumba ambayo haina wewe. Na uoga huo ukatokea kwa sura ya uzembe, watu wakaucheka, nami nikacheka nao kwa sababu kuchekwa kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Kwa hiyo safari hii tulipopata nauli ya mtu mmoja, ukaniambia, "Mama, nenda wewe, ilikuwa yako," nami nikasema mgongo unaniuma. Mgongo unauma kweli, lakini ungefika Bangkok. Nilikupisha. Sikukupisha kwa huruma pekee, una jicho la nguo kunizidi na una Kiingereza cha kidato cha nne ulichokimaliza. Ila sitaki siku moja unilipe kwa kunipisha. Ukiona umekaa mahali kwa ajili ya kunilipa, inuka uondoke hapo.

Na pale kwa Ayubu niliposema Lusaka ni rahisi, yalikuwa ni yale yale ya kupita chini. Bei haikuwa sababu. Nilitaka ndege ikurudishe mlangoni kwangu na wewe uone ni habari ya pesa. Bibi yako alinipa mgongo ili niweze kwenda. Mimi nilikupa bei ili usiweze.

Leo ulipoondoka tu nilifunga kibanda nikapanda ngazi kwa Ayubu. Aliponiona akasimama kabisa.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Badilisha kurudi. Andika Dar."

"Mama, juzi tu ulisema Lusaka."

"Juzi nilikuja kama mama. Leo nimekuja kama mteja."

"Kuna faini ya kubadilisha."

"Si najua. Andika."

Akaandika. Akaniuliza, "Enesi anajua?" Nikamwambia, "Kwani tiketi ni ya kwako?" Akacheka, akasema atanipunguzia ile hela yake ya huduma, na nikamkatalia kwanza halafu nikakubali. Usiulize nimetoa wapi hela. Nauza sweta, na baridi ya Tunduma haijawahi kunitupa.

Karatasi mpya iko ndani ya bahasha hii. Iangalie vizuri jina na tarehe, usiamini macho yangu. Inasema utatua Dar.

Sasa nakujibu swali lako, na nalijibu mara moja. Unaweza kwenda kwa Zuhura. Una ruhusa yangu, yote, bila kipande nilichokificha. Na kama ukifika Dar ukaona moyo unataka huku, mabasi ya Tunduma yapo kila siku, panda uje, hakuna atakayekucheka, na akikucheka mtaje nimjue. Ninachotaka ni uamue wewe. Isiwe tiketi imekuamulia, wala mgongo wangu, wala mimi nikiwa nimekaa hapa na sura ya kuachwa.

Maana sura hiyo nitakuwa nayo, sikudanganyi. Umri wako niliuona kila siku na bado umenishtukiza. Nitatembea na wewe kesho mpaka kwenye lile jengo la uhamiaji. Utapita dirisha la kutoka, utapita dirisha la kuingia, wagonge yote mawili mimi nikiona. Halafu nitarudi. Usigeuke sana kuniangalia, au geuka, sijui. Mimi nitakuwa nimekutazama usoni, hilo nakuahidi. Sitakupa mgongo.

Ukifika, nitumie ujumbe mmoja kwamba umefika. Zingine utume ukitaka, usitume kwa kunihurumia. Nikinyamaza siku mbili usidhani nimekasirika, nitakuwa najifunza. Jirani amenialika kwaya ya mtaani kwao. Nimesema nitaona. Najua jioni ya kwanza sitakwenda, nitakwenda nyumbani.

Sijui kupika ugali wa mtu mmoja, Enesi. Tangu nianze kushika mwiko wangu mwenyewe sijawahi kupima unga wa mtu mmoja. Nitakosea, utakuwa mwingi, nitakula kiporo asubuhi. Kesho kutwa nitapunguza.

Wewe nenda.

Mimi mama yako,
Veronika